Kuongoza Shule Binafsi na Kuisemea Elimu: Mwongozo kwa Mwalimu wa Kanda ya Ziwa

Mwalimu wa Mwanza anayefikiria kushika uongozi wa shule binafsi, na baadaye kuwa mmoja wa wanaoitwa mezani sera ya elimu inapojadiliwa, huziona hizo kuwa kazi mbili zinazofuatana: kwanza shule, kisha uchechemuzi, yaani kuisemea elimu mbele ya watunga sera. Kwa miaka niliyokaa katika ofisi hizi, kuanzia ualimu wa taaluma hadi umeneja, nimejifunza kwamba ni kazi moja. Anayeisemea elimu huku shule yake ikiyumba husikilizwa kwa adabu na hoja yake huishia kwenye kikao hicho hicho. Naye anayeongoza shule bila kuisemea elimu hubaki akipokea nyaraka zilizoandikwa na watu ambao hawajawahi kuuona mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, mwezi Januari, wakati wa kulipa ada. Nitaeleza namna ya kuijenga kazi hiyo kuanzia chini, na nitakaa zaidi pale ambapo nimeona wenzangu wengi wakikwama.

Kupitia darasani na kwenye taaluma

Fundisha kwanza, kwa miaka isiyopungua mitano, halafu omba kazi ya taaluma hata kama posho yake ni ndogo. Mwalimu wa taaluma ndiye anayepanga ratiba, anayekagua maazimio ya kazi na maandalio ya masomo, na ndiye anayejua ni mwalimu gani huingia darasani dakika kumi baada ya kengele na ni mtoto gani ameshuka kutoka nafasi ya tano hadi ya thelathini tangu baba yake ahamie visiwani. Aliyeruka ngazi hii akapanda moja kwa moja kuwa mkuu wa shule hulazimika kuziamini taarifa za wengine, na katika shule binafsi, ambako kila mtu anamwogopa mwenye shule, taarifa nyingi hupambwa kabla ya kufika mezani.

Vyeti vinafuata. Kwa sekondari, shahada ya ualimu ndiyo ya kawaida kwa mkuu wa shule. Baada ya hapo, masomo ya uongozi na usimamizi wa elimu yanapatikana bila kuhama kanda: Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, una kampasi Mwanza mbali na makao yake ya Bagamoyo, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kipo Malimbe, Nyegezi. Ningemshauri mwalimu yeyote aongeze kitu kimoja ambacho vyuo vya ualimu havikazanii, nacho ni uhasibu wa awali. Jifunze kusoma daftari la mapato na matumizi na taarifa ya benki hadi uweze kumuuliza mhasibu swali ambalo hakulitarajia.

Mkataba kabla ya funguo

Utaratibu wa usajili wa shule nchini kwetu unatenganisha watu watatu ambao mitaani huchanganywa. Kwanza hutolewa kibali cha kujenga na kuanzisha shule, kisha mmiliki na meneja huthibitishwa, ndipo shule husajiliwa na kupewa namba. Mmiliki ndiye mwenye mali. Meneja anawajibika kwa uendeshaji mbele ya Serikali. Mkuu wa shule anaongoza walimu, wanafunzi na ufundishaji wa kila siku. Katika shule nyingi za Mwanza mmiliki na meneja ni mtu mmoja, au ni mume na mke, na mkuu wa shule huajiriwa kama mgeni katika nyumba ya watu. Si kosa kisheria, lakini usiingie bila maandishi.

Nilipopata ukuu wa shule kwa mara ya kwanza niliingia kwa maneno ya mdomo. Mwenye shule alikuwa mtu mkarimu, aliniita mwanangu, nami nikaona ni utovu wa adabu kumwomba mkataba mtu wa rika la baba yangu. Miezi minne baadaye ada zilikuwa zikilipwa kwenye simu yake binafsi, mishahara ilichelewa wiki sita, na walimu wawili wa sayansi waliondoka katikati ya muhula huku kidato cha nne kikiwa na mtihani wa Taifa mbele yake. Watoto wale walimaliza mada za mwisho za fizikia kwa kunakili daftari la shule jirani. Sikuwa na karatasi hata moja inayosema kwamba nilikuwa na mamlaka ya kuzuia hayo.

Kwa hiyo, kabla ya kupokea funguo, mwombe mwenye shule kwa heshima muandike mambo yafuatayo: kwamba ada zote zinaingia kwenye akaunti ya shule na wewe unapata taarifa ya benki kila mwezi, kwamba mishahara ndiyo malipo ya kwanza kabla ya ujenzi na kabla ya gawio la familia, kwamba kuajiri na kuachisha walimu kunapitia kwako na kunafuata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na kwamba ndugu wa mmiliki wanaofanya kazi shuleni wanawajibika kwako kama wengine. Kifungu hiki cha mwisho ndicho kigumu kukitamka. Kitamke mapema, chai ikiwa bado mezani, kwa sababu baada ya shemeji kukosana na mpishi utakuwa umechelewa. Mzee mwenye nia njema atakubali, na asiyekubali amekuonyesha mapema shule yake inaendeshwaje.

Ada hufuata mwezi na pamba

Hapa ndipo uongozi wa shule kando ya Ziwa Viktoria unapotofautiana na ule wa Dar es Salaam, na ndipo vitabu vya usimamizi vinapotuacha. Kalenda yetu ya masomo huanza Januari. Mkulima wa Kwimba, Magu au Misungwi huuza pamba kuanzia mwezi Mei, msimu wa ununuzi unapofunguliwa kwenye vyama vya msingi. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa sababu dagaa huvutwa na taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, hivyo kwa siku kadhaa za kila mwezi mitumbwi hukaa mwaloni na mifuko hukauka. Mfanyabiashara wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba anayenunua dagaa wale hufuata mzunguko huo huo.

Mhasibu wetu mmoja, kijana mwaminifu kutoka mkoa wa mbali, aliwahi kuniletea jina la baba wa watoto watatu akiwa amelizungushia wino mwekundu. Kila alipompigia simu, mzee yule alijibu, “Mwalimu, subiri giza liingie, nitalipa.” Mhasibu alidhani anakejeliwa. Tukachukua stakabadhi zake za miaka miwili, tukaziweka sambamba na kalenda inayoonyesha mwezi mpevu, na malipo yake yote yalikuwa yameangukia wiki mbili za giza, bila kukosea hata muhula mmoja. Mtu tuliyekuwa tunataka kumrudishia watoto nyumbani alikuwa mlipaji wetu wa uhakika kuliko wenye mishahara.

Tangu hapo nilianza kupanga ada hivi, na ninakushauri ufanye vivyo hivyo. Mzazi anapoandikisha mtoto, fomu imuulize kazi yake na miezi anayopata fedha, si kazi peke yake. Mwenye mshahara apewe awamu nne za kawaida. Mkulima wa pamba alipe sehemu ndogo Januari na sehemu kubwa kati ya Juni na Agosti, kwa makubaliano yaliyosainiwa. Mvuvi apewe awamu ndogo nyingi zinazofuata giza. Kisha tengeneza bajeti ya shule kulingana na mapato hayo: nunua mahindi na maharage ya mwaka baada ya mavuno, bei ikiwa chini, na weka kando mishahara ya Januari na Februari tangu Septemba. Shule inayotegemea ada ya Januari ili ilipe mshahara wa Januari itakopa, na ikishakopa itaanza kufukuza watoto getini. Mtoto anayesimama nje ya geti na begi mgongoni, wenzake wakimwangalia kupitia dirishani, hasahau. Deni ni la mzazi, na mazungumzo ya deni yawe na mzazi.

Nyaraka, wathibiti na mafaili

Sehemu hii nitaipita haraka kwa kuwa inahitaji nidhamu kuliko hekima. Kusanya katika faili moja Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 pamoja na marekebisho yake, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inagusa picha na matokeo ya watoto unayobandika mitandaoni, na kila waraka wa elimu unaotolewa. Zijue kanuni za adhabu ya viboko: haiwezi kutolewa na mwalimu yeyote anayejisikia, ina kikomo cha viboko 4 na lazima iandikwe kitabuni. Mimi ningeomba shule yako iiache kabisa, kwani sheria inaweka ukomo na haikulazimishi kuutumia. Hakikisha walimu wa kigeni, ambao ni wengi katika shule zetu za mchepuo wa Kiingereza, wana vibali hai. Uhamisho wa wanafunzi wa msingi ufanyike kwenye PREM, mfumo wa kielektroniki wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi, na kamwe usifanyike kwa barua ya mkononi tu.

Wathibiti ubora wa shule, ambao wengi bado wanawaita wakaguzi, wapokee kama wenzako. Wakiandika kwamba matundu ya vyoo hayatoshi, hesabu nao: kiwango ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Wape tarehe ya utekelezaji, na tarehe ikifika wapelekee picha kabla hawajauliza. Ripoti yao iliyofanyiwa kazi ndiyo itakayokuwa silaha yako ya kwanza siku utakapotaka kusemea jambo kubwa.

Matokeo bila mchujo

Kila mmiliki anataka matokeo, na kuna njia mbili za kuyapata. Ya kwanza ni kufundisha. Ya pili ni kuwaondoa wasiofikia wastani, kuwarudisha darasa, au kuwashauri wazazi kimyakimya wawahamishe kabla ya usajili wa mtihani. Serikali imekemea mchujo huo mara nyingi, na tangu matokeo ya kidato cha nne yaliyotangazwa Januari 2023 Baraza la Mitihani halitangazi tena shule kumi bora kitaifa. Wapo wamiliki waliosikitika. Mimi nilifurahi, kwa sababu orodha ile ilikuwa inatuzawadia kwa kuwachagua watoto badala ya kuwafundisha.

Mkuu wa shule anayetaka kukataa mchujo anahitaji hesabu mbadala ya kumpelekea mwenye shule. Pima kila mtoto anapoingia, andika alama zake za kuanzia kwa kusoma, kuandika na hesabu, kisha pima tena kila mwisho wa muhula. Onyesha ni watoto wangapi walioingia na alama za chini wamepanda. Mwite mzazi wa mmoja wao azungumze kwenye kikao cha wazazi. Katika shule ya mwisho niliyoiongoza, mama mmoja muuza samaki wa Igombe alisimama akaeleza kwamba binti yake sasa ndiye anayemsomea ujumbe wa simu na kumkokotolea faida, na mwaka uliofuata tuliandikisha watoto kadhaa kutoka mtaa wake. Mwenye shule alielewa haraka kuliko ningemhubiria.

Kuisemea elimu

Sasa una shule ambayo vitabu vyake viko wazi, walimu wake wanalipwa na ripoti za uthibiti zimefanyiwa kazi. Ndipo unapoweza kufungua mdomo. Anza kwa kuichuja hoja yenyewe: ikikubaliwa, mtoto wa darasa la tatu atapata nini? Kama anayenufaika ni mmiliki peke yake, hoja hiyo inaweza kuwa halali, lakini iite jina lake na usiivalishe sare ya shule. Mfano mzuri ni tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile SDL, ambayo wamiliki waliilalamikia kama mzigo wa gharama. Leo taasisi za elimu zilizosajiliwa, zikiwamo shule binafsi, zimesamehewa. Hoja ya kodi ilijadiliwa kama kodi, ikaeleweka.

Hoja ya mtoto ina uzito mwingine na inahitaji uangalifu zaidi. Mwaka 2023 Serikali ilipozuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, wenzetu wengi walikimbilia kulalamika juu ya mapato yaliyopotea. Nilikubaliana na msingi wa waraka ule: mtoto wa miaka sita anamhitaji mzazi wake jioni. Hata hivyo, kando ya ziwa kuna familia ambazo wazazi wote wawili wanaishi kwenye makambi ya uvuvi ya visiwa vya Ukerewe na Sengerema, ambako shule haipo au iko ng'ambo ya maji. Aliyetaka kuwasemea watoto hao alipaswa kwanza kutii waraka, kisha kuandaa jedwali lenye safu nne: umri wa mtoto, mahali wazazi walipo, umbali wa shule ya karibu na makazi hayo, na ndugu wa damu aliyepo mjini anayeweza kumpokea. Ukishajaza safu hiyo ya nne kwa uaminifu utagundua kwamba watoto wengi wana bibi au mama mdogo Igoma au Buhongwa, na wanaobaki ni wachache. Hao wachache ndio hoja yako, na unawaombea utaratibu maalumu badala ya kupinga waraka mzima. Hoja ndogo iliyopimwa hupita mlango ambao lalamiko kubwa hugonga bila kufunguliwa.

Usiseme peke yako. Ipo TAMONGSCO, chama cha wamiliki na mameneja wa shule na vyuo visivyo vya Serikali. Shule za makanisa zina Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii. Kwa upande wa asasi, Mtandao wa Elimu Tanzania ulianzishwa 1999 na HakiElimu 2001, na wote wamezoea kazi ya kukusanya ushahidi na kuufikisha kwa watunga sera. Jiunge, hudhuria vikao vya mkoa, na jitolee kuandika kumbukumbu za kikao, kazi ambayo wengi huikwepa. Anayeandika kumbukumbu ndiye anayejua nani aliahidi nini.

Jifunze pia majira ya Serikali. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na Bunge hukaa kujadili bajeti kuanzia Aprili, hivyo anayeleta hoja ya fedha mwezi Mei amechelewa: ilipaswa iwe imefika wizarani kabla ya mwaka kugeuka. Hoja ya sheria hupelekwa kwa maandishi kwenye Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Elimu, Utamaduni na Michezo muswada unapokuwa mbele yake. Hoja ya utekelezaji haihitaji Dodoma kabisa. Mambo mengi yanayotukera humalizwa na Afisa Elimu Kata, wa Wilaya au wa Mkoa, akipelekewa maelezo yaliyonyooka.

Jambo moja ninalotaka wenzangu walishike kwa moyo: usizisemee shule binafsi peke yake. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, madarasa ya shule za Serikali yamejaa kupita kiwango cha wanafunzi 45, na basi la shule yako hupita mbele ya shule hizo kila asubuhi. Fungua maabara yako Jumamosi kwa kidato cha nne cha shule jirani ya kata. Alika walimu wao katika kutunga na kusahihisha mtihani wa moko, yaani wa majaribio. Mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024 uwe mada ya semina ya pamoja, maana ninyi nyote mnahangaika na vitabu vile vile. Elimu ya lazima inaelekea kuwa ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari, kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo toleo la 2023, na mzigo huo utabebwa na shule zote, za Serikali na zetu. Ofisa aliyekuona ukimsaidia mtoto ambaye halipi ada kwako atakuamini unapomzungumzia anayelipa.

Siku ya kikao chenyewe, nenda na karatasi moja tu yenye pande mbili. Upande wa mbele uandike tatizo kwa sentensi tatu, ombi kwa sentensi moja, na jina la sheria au waraka unaohusika pamoja na mwaka wake. Upande wa nyuma uweke jedwali lako, majina ya watoto yakiwa yameondolewa na namba zikiwa zimebaki. Beba nakala za kutosha wote waliopo na moja ya ziada kwa masjala. Ongea kwa dakika tano, kisha nyamaza uulizwe, na swali usilolijua ahidi kulijibu kwa tarehe. Ukirudi ofisini, andika barua ya shukrani inayotaja yaliyokubaliwa, aliyeahidi na lini, uipeleke masjala ndani ya siku tatu. Hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wa kupokelewa, iweke kwenye faili la hoja hiyo, na andika kwenye kalenda ya ukutani, kwa wino, siku ya kwenda kuulizia.